Paa la Bi Mwanahawa

Zuhura tulimzika Mapinga, alikoishi kwa mwanawe miaka yake ya mwisho. Baada ya mazishi tuliketishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na vijana waliovaa fulana za rangi moja wakapita wakigawa chakula ndani ya vibakuli vyenye vifuniko, kila mtu na chake. Hapakuwa na sinia wala mtu wa kukuambia sogea tule. Sefu alikaa kando yangu, fimbo yake katikati ya magoti. Alikifungua kibakuli chake, akakinusa, akakifunga tena. "Mbaraka," akaniambia, "marehemu angekula hiki?" Nikamjibu kwamba angeuliza kwanza kimetoka nyumba gani. Tukacheka kwa sauti ya chini, wazee wawili msibani, na binti mmoja akatugeukia kwa huruma akidhani tunalia. Nilirudi Bagamoyo nikiwa nimechoka, uchovu ule usiotokana na safari, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuandika mwaka huu mmoja, ukurasa kwa ukurasa. Mimi si mwepesi wa kuandika. Niliishia darasa la saba, na neno likinikataa husimama nikalisubiri, kama nilivyokuwa nikifanya katika kusema.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Waliokuwapo wataujua bila kutajiwa tarehe. Mahindi yalikosekana, mchele ukawa kitu cha kusimuliwa, na katika duka la ushirika tulipanga foleni kuupata unga ule ulioletwa na meli, ambao ulipikwa ukawa ugali wenye rangi nzuri na ladha ya gunia. Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge. Kazi yenyewe ilikuwa kukwangua chumvi chini, kuikusanya mafungu na kuibeba hadi bandani, na jioni nilirudi na viganja vilivyopasuka, vikiwasha hata nikishika maji ya kunywa. Nilikuwa kijana asiyependa kutazamwa. Ukinisalimu njiani ghafla, nilijibu ukiwa umeshapita.

Chama chetu tulikiita Mkono kwa Mkono. Tulikuwa vijana wa mitaa miwili mitatu, wavulana na wasichana, na kazi yetu ilikuwa ya kujitolea: kusafisha visima, kumbeba mgonjwa kwa machela hadi hospitali, kuziba kuta za udongo, kuezeka nyumba za wazee wasiokuwa na mtu. Tulikutana katika chumba cha nyuma ya duka la Bwana Jivan, muuza vitambaa, ambacho kabla yetu kilikuwa ghala la mbata. Mbata zilikuwa zimeondoka lakini harufu yake haikuondoka. Sakafu ilikuwa na utelezi wa mafuta, dirisha lilikuwa moja, lenye nondo, likitazama uchochoro, na sisi tulikaa juu ya magunia makuukuu kando ya kuta zote nne huku wasichana wakisuka makuti wakati mkutano ukiendelea. Hata sasa nikipita penye nazi zilizoanikwa, hunijia sauti ya Rajabu akisema, "Ndugu zangu, ajenda ya kwanza."

Rajabu ndiye aliyekianzisha chama. Alikuwa karani, amesoma, na alijua kuongea. Mwishoni mwa mwaka alihamishiwa Dar es Salaam, ikabidi apatikane mwenyekiti wa mwaka mpya. Walitajwa watu, kila aliyetajwa akawa na udhuru: mmoja anaoa, mwingine anakwenda jeshini, mwingine mgongo. Ndipo Sefu, ambaye hakuwahi kukaa kimya mahali, akasema, "Mbaraka je?" Wote wakanigeukia. Nilitafuta neno la kukataa na sikulipata. "Mnaona?" Sefu akasema. "Hakukataa. Kama mwari mbele ya kadhi, kunyamaza kwake ndiyo keshakubali. Mwozesheni." Walicheka, wakapiga makofi, na Rajabu akanishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyopata uongozi. Zuhura, aliyekuwa katibu, hakucheka. Aliinua macho kutoka kwenye makuti yake akanitazama kama mtu anayepima kamba kabla ya kuning'iniza mzigo.

Zuhura alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima, mwembamba, mwenye sauti kavu, na ndiye aliyezijua kanuni za chama kwa moyo. Moja ilizidi nyingine zote. Mwanachama hali wala hanywi katika nyumba anayoihudumia, na atakayekula, chama kimemtoa. Watu wasidhani ilikuwa kanuni ya wapumbavu. Bibi yake Zuhura alipofiwa na mumewe, waliokuja kumsaidia walikaa siku nyingi wakila, mpaka mbegu za mpunga zikaingia chunguni, na msimu ule yule mama hakupanda kitu. Zuhura alikuwa mtoto mdogo, na aliyaona. "Msaada unaomaliza chakula cha mtu si msaada," alikuwa akisema. Na katika mwaka wa unga wa njano, nani angembishia? Nyumba nyingi zilipika mara moja kwa siku.

Lakini chama kilikuwa kinakufa, na mimi ndiye niliyekuwa nimekishika. Mwezi wa kwanza magunia ya chumba kile yalikuwa na watu. Wa pili, ukuta mmoja ulibaki mtupu, kisha ukuta mwingine. Vijana walitoka kazini na njaa, wakaja kufanya kazi nyingine kwa njaa, na waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Hilo nililielewa. Nisiloelewa ni kwamba na wenye nyumba waliacha kutuita. Tulikwenda kwa mzee mmoja ambaye ukuta wake ulikuwa umelala upande, akatuambia hapana, uko sawa tu. Kwa mama mwingine tuliambiwa mwanawe anakuja kutoka Tanga kutengeneza. Mwanawe alikuwa amekufa, na sote tulijua. Jumapili zikapita tumekaa kwenye harufu ya mbata tukisuka makuti ya nyumba ambazo hazikututaka, na marundo yakafika dirishani.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya unga, nyuma ya wanawake wawili niliowajua kwa sauti zao tu, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu. Walikuwa wanazungumza kuhusu mtu aliyejengewa choo.

"Kajengewa na wale wa Mkono kwa Mkono," mmoja akasema.

"Mh. Wale."

"Wamejenga tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hata maji, mwenzangu. Kawapelekea maji ya kunywa, wanasema asante hatunywi."

"Wanaogopa wataugua?"

"Sijui. Muosha maiti akimaliza kazi hupewa kikombe cha kahawa, naye hunywa. Hawa wanakujengea kama wanakufukia. Mimi wasije kwangu. Bora livuje."

Foleni ilisogea, nami nikasogea nayo. Nilitaka kuwaambia kwa nini. Nilikuwa na maneno yote ya Zuhura kichwani, yamepangika. Nilipokea unga wangu nikaenda nyumbani.

Masika ilikuwa karibu, joto limekaa juu ya mji kama blanketi bichi. Aliyebaki katika hesabu yetu, ambaye hakuwa amesema hapana, alikuwa Bi Mwanahawa wa Magomeni, mtaa wa hapa hapa mjini. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na ukumbi, na paa la makuti lililokuwa jeusi na limetoboka kiasi kwamba mchana ukikaa ndani uliona jua limetawanyika sakafuni kama sarafu. Mvua kubwa moja tu ingezishusha kuta zile. Alikuwa mpishi wa maharusi enzi zake. Hapakuwa na mtu mzima Bagamoyo ambaye hakuwahi kula pilau ya mkono wake, na sasa alikuwa mjane, magoti yamekufa, anaishi peke yake. Nilijiambia kwamba tukimwezekea huyu kabla ya mvua, chama kimepona, na mimi nimemaliza mwaka bila aibu. Nilitaka hilo tu. Sikumbuki kama niliwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu kama ile.

Tulikwenda Jumapili asubuhi tumejitwika makuti. Tulikuwa wachache, lakini tulikuwapo. Bi Mwanahawa alikuwa ameketi upenuni, kanga mpya kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni. Wekeni mizigo chini. Mtu hapandi juu ya nyumba na tumbo tupu."

Kando yake palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka kawa kubwa la ukindu lililofunika sinia. Alilifunua. Vilikuwa vitumbua, vya unga ule ule wa njano, lakini vimeumuka, vina harufu ya hiliki na nazi. Jinsi alivyouumua unga ule sijui hadi leo. Sefu, kando yangu, alivuta pumzi kwa sauti kama mtu aliyechomwa. Wote walinitazama mimi. Mwenyekiti ndiye wa kusema. Nilifungua mdomo. Bi Mwanahawa akasubiri, akitabasamu, mkono wake umekamata kawa juu, na mimi nikasimama pale na mdomo wangu wazi.

"Bibi, tunashukuru," Zuhura akasema hatimaye. "Sisi tumeshakula."

"Mmeshakula wapi?"

"Nyumbani."

"Bagamoyo hii, mwaka huu, nani ameshakula saa hizi?" Aliuliza kwa upole. Alitutazama mmoja mmoja, na tabasamu likawa linaondoka. "Basi ni kweli wanayosema. Nilidhani watu wanawasingizia." Alirudisha kawa juu ya sinia, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Chukueni makuti yenu. Mimi nimewalisha baba zenu na mama zenu siku walipooana. Ningali ninavuja, lakini sijawa wa kuezekewa bure kama banda la mbuzi."

"Bibi, si hivyo," Zuhura alisema.

"Nendeni, mwanangu. Sijakasirika."

Hilo la mwisho ndilo lililotuchosha zaidi. Tulirudi na makuti kichwani katikati ya mji, watu wakitutazama. "Tumekuwa watu wa kwanza duniani," Sefu alisema nyuma yangu, "kufukuzwa kwa sababu ya kutokula." Hakuna aliyecheka. Chumbani Zuhura na Sefu waligombana hadi Bwana Jivan akagonga ukuta. Sefu alisema kanuni imekuwa chama na chama kimekuwa kitu gani. Zuhura alisema leo vitumbua, kesho kuku, na kesho kutwa tutakuwa tunachagua nyumba kwa harufu ya jiko. "Mwenyekiti aseme," Sefu akasema. Nilisema tutazame. Ndiyo maneno niliyoyapata. Sasa, uzeeni, huwa nawaona vijana wanaosema sana mikutanoni na siwaonei wivu, ila siku ile ningetoa jino kuwa mmoja wao.

Wingu lilianza kujikusanya upande wa bahari wiki hiyo. Siku ya tatu au ya nne nilitoka Nunge nikiwa bado na chumvi kwenye miguu, na badala ya kwenda nyumbani nikakata kwenda Magomeni. Bi Mwanahawa alikuwa jikoni, uani, kwenye kigoda, anakoroga sufuria ndogo. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kibao cha kukalia. Nilikaa. Hakunikaribisha chakula. Alikoroga, akaepua, akafunika, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akanizungumzia habari za joto. Nilikuwa nimekuja na hotuba: kwamba tuna kanuni, kwamba ina sababu nzuri, kwamba atusamehe kwa sababu mvua inakuja. Kila neno lilipofika mdomoni nililiona jinsi lilivyo bovu. Kukaribishwa ukakataa ni jambo moja. Lakini kwetu mtu mzima haombi chakula kwenye nyumba ya mtu. Mtoto akifanya hivyo hupigwa, na mamaye huona haya mwaka mzima. Sufuria ilinuka. Tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

"Bibi," nikasema, "nina njaa."

Aliacha kunyoosha miguu. Nilihisi masikio yangu yanawaka, na nisingeweza kunyanyua uso hata kama nyumba ingeungua.

"Umesemaje?"

"Nina njaa, Bibi. Naomba chakula."

Nilimsikia akisimama, magoti yakilia, akienda kwenye maji na kurudi na kata ya kuninawisha. Yalipogusa viganja vyangu nilishtuka kwa uchungu, akavishika, akavigeuza, akavitazama. "Kumbe una mikono kama hii," akasema, "na ulikuwa unanificha njaa." Kilikuwa uji wa ule unga, mzito, na tui na pilipili manga. Nilikula chote. Alikaa akitazama bakuli, si mimi, na kila lilipopungua aliongeza. Nilipomaliza akasema, "Jumapili waje. Atakayekula ale. Asiyekula asije kuniambia ameshiba."

Katika mkutano uliofuata nilisimama. Sikuwahi kusimama kabla ya hapo, nilikuwa nikiongoza nimekaa. Nikasema, "Nimekula kwa Bi Mwanahawa." Zuhura aliuweka chini ukuti aliokuwa akisuka. Aliuliza kama nilikula kabla ya kazi au baada, nikasema hakukuwa na kazi, nilikwenda kula. "Basi chama kimekutoa," alisema. Hakusema kwa hasira. Nadhani alingoja nijitetee, hata nafikiri alitaka. Nikasema, "Sawa. Jumapili nitakwenda kumwezekea, mimi kama mimi." Nikatoka kwenye chumba kile kwa uchochoro, na nilipofika barabarani nilihisi wepesi wa kuona haya, kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake.

Jumapili nilikwenda na kamba na panga, bila ukuti hata mmoja, kwa sababu makuti yalikuwa ya chama na ufunguo wa chumba alikuwa nao Zuhura. Nilianza kung'oa yaliyooza. Sefu akaja, na wenzake wawili, mikono mitupu. "Tumejitoa na sisi," akasema. "Rajabu akirudi atamkuta Zuhura peke yake anasoma ajenda ya kwanza." Tulikuwa tumeshalivua paa lote, nyumba imebaki mifupa, na wingu limeshuka hadi kwenye minazi, nami nikijiuliza nimemfanyia nini yule mama, ndipo tukasikia magurudumu. Lilikuwa rukwama la Bwana Jivan, limejaa makuti, na anayelisukuma ni Zuhura, kanga kafunga kiunoni, jasho linamtiririka. Alilisimamisha. "Makuti yalisukwa kwa ajili ya nyumba hii," alisema, hakumtazama mtu. "Si ya nyumba nyingine." Akaanza kuturushia.

Alifanya kazi kuliko sisi wote. Aliporushiwa neno na Sefu alirusha ukuti mwingine. Chakula kilipoiva, sisi tukateremka tukaketi kuzunguka sinia, Zuhura alikwenda akasimama nje ya ua, kwenye jua, mgongo kwetu. Sefu alitaka kumwita. Bi Mwanahawa akamkatiza kwa mkono. "Mwacheni," akasema. "Huyo ana jambo lake." Akatenga sahani, akaifunika vizuri, akaiweka ndani. Jioni, tulipokuwa tumemaliza kipaa cha mbele na matone ya kwanza yanaanguka, alijifunga kanga, akachukua fimbo, na kwa magoti yale akatembea hadi nyumbani kwa akina Zuhura na sahani mkononi, kama jirani anavyompelekea jirani. Kanuni ilikataza kula nyumba uliyoihudumia. Juu ya sahani iliyokuja mlangoni kwako mwenyewe haikusema kitu.

Na sahani ya watu kwetu hairudishwi tupu. Zuhura alilijua hilo kama sisi sote. Usiku ule mvua ilishuka, na kipaa cha nyuma tulikuwa hatujakimaliza. Kilikuwa na turubai kuukuu tu. Chumba kimoja kilipata maji. Kuta zilisimama. Baada ya siku mbili mvua ilipumzika, nikapanda kumalizia, peke yangu, kwa sababu wenzangu walikuwa makazini na mimi Nunge hapakuwa na kazi, mvua ilikuwa imeyeyusha chumvi yote. Nikiwa juu, nimekaa kwenye fito, nilisikia hodi. Nilimwona Zuhura kupitia mwanya ambao sikuwa nimeuziba, ameshika ile sahani, imefunikwa.

"Shikamoo, Bibi. Nimerudisha sahani."

"Marahaba. Lete tuone." Akafunua. "Magimbi. Nani kapika?"

"Mimi."

"Nazi umeiogopa."

"Ilikuwa moja, Bibi."

"Basi hapo pana nyingine, na mbuzi hiyo hapo. Kaa ukune. Magimbi haya hayaendi popote hivi."

Nilidhani ataondoka. Alisimama kidogo, kisha akakalia mbuzi, na nikasikia meno ya chuma yakila nazi. Bi Mwanahawa aliwasha moto akilaumu kuni mbichi. Wakachuja tui, wakarudisha magimbi jikoni. Hawakujua kama niko juu, au walijua na hawakujali. Nilishika kamba mkononi nikaacha kufunga.

"Lete kiganja," Bi Mwanahawa alisema.

"Bibi, mimi hapa sili."

"Sijakwambia ule. Nimekwambia uonje. Mimi ulimi wangu umezeeka, mwanangu, chumvi siisikii tena. Nimepika mwaka mzima kwa kukisia."

Bi Mwanahawa akachota tui kwa mwiko. Zuhura alitazama ule mwiko, kisha mkono wake ukatoka ndani ya kanga. Bi Mwanahawa akamdondoshea tui kiganjani. Akalilamba, na akafikiri kwa muda mrefu kuliko tone moja linavyohitaji.

"Bado," alisema. "Ongeza kidogo."

Bi Mwanahawa akatia chumvi, akakoroga, akanyanyua mwiko tena, na kutoka juu niliona kiganja kikiwa kimeshanyooshwa.